Miji ya Njia ya Misafara (5): Mtumba Uliopita Kwihara

Kila zinapotoka habari za reli ya SGR, ile ya Makutupora kwenda Tabora na ile ya Tabora hadi Kigoma ambayo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022, mawazo yangu hukimbilia Kwihara. Wasomaji wa safu hii wameshaijua Kazeh, wanamjua Mtemi Isike na ngome yake, na juma lililopita tulimwacha Mirambo akiwakaba Waarabu wa Unyanyembe. Leo tutoke mjini kilomita chache tu, twende kwenye tembe.

Wageni huonyeshwa tembe hilo kwa jina la Livingstone, na ni kweli alikaa humo. Alifika na Stanley Februari 1872. Stanley akashika njia ya pwani mwezi Machi, mzee akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti 25. Miezi mitano! Mtu mwenye jina Ulaya nzima, na hapigi hatua mpaka wapatikane wa kumbebea. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili, zaidi ya kilo 30, za pembe akishuka pwani, za merikani, kaniki na ushanga akirudi bara. Na katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kusafiri.

Lakini kisa nisichochoka kukisimulia ni cha Oktoba 1873. Livingstone alikuwa amekufa tangu Mei huko Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili juani, wakauviringisha katika gome la mti, wakaubeba. Kwihara wakamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia huyohuyo marehemu. Akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Cameron alikuwa ofisa wa jeshi la majini, wao watumishi waliochoka, na neno lao ndilo lililosimama. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji waligoma maiti isipite kwao. Basi wakafunga mabua ya mtama kwa mfano wa maiti, wakayarudisha Unyanyembe kana kwamba yanakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane mtumba wa nguo kama mitumba mingine ya msafara. Februari 1874 wakafika nao Bagamoyo.

Nani kati yetu alifundishwa haya shuleni? Tulikaririshwa jina la aliyebebwa. Taifa linalowafundisha watoto wake jina la mzigo na kuwaficha jina la mbebaji linajidhulumu lenyewe, na nitalisema hili hadi wino uniishie.

Turudi kwenye reli. Ile ya Mjerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Ujiji, soko kongwe la ziwa, ukaachwa kando kwa kilomita chache. Urusi nako reli ya Moscow kwenda Nizhny Novgorod ilipita Vladimir ikauruka mji mdogo wa Suzdal, na kwa kurukwa huko makanisa yake ya kale yakasalimika, hata UNESCO ikayaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1992. Sisi tusijidanganye kwa mfano huo. Kuta za Suzdal ni za mawe. Tembe ni udongo, na udongo usipokandikwa upya baada ya mvua hurudi ardhini. Njia yetu, pamoja na Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, iliwekwa tangu 2006 katika orodha ya awali ya urithi huo, na ingali katika orodha ya awali.

Nafasi imebaki kidogo, basi niombe moja tu. Stesheni mpya ya Tabora itakapofunguliwa, pawe na kibao chenye majina ya Susi na Chuma, maandishi makubwa, mahali ambapo abiria mwenye mizigo yake atalazimika kupita. Juma lijalo tutashuka Ujiji.