Kampuni ikifa, nani atawasha taa ya nyumbani kwako?

APRILI 2022, wateja wa kampuni ya Insteon ya Marekani walishika simu zao ili wawashe taa za nyumbani, wakakuta seva za kampuni hazijibu. Hawakuwa wameagwa. Swichi za ukutani ziliendelea kufanya kazi, lakini kuiamuru nyumba kwa simu kukawa hakuna tena. Wengi walidhani ni hitilafu ya siku moja, kumbe kampuni ilikuwa imefunga milango. Bahati yao, mwezi Juni kundi dogo la wateja hao hao liliinunua na kuziwasha seva upya.

Wenye kidhibiti cha Revolv hawakuwa na bahati hiyo. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Nest mwaka 2014, na Mei 2016 kifaa walichokilipia takriban dola 300 kilizimwa moja kwa moja.

Visa hivi vinatuhusu, kwani balbu, kamera na vitasa vinavyoongozwa kwa simu vimeshaingia katika maduka ya miji yetu.

Kidhibiti ndicho ubongo wa nyumba ya namna hii. Kitambuzi kikiona mtu anapita gizani, hukiarifu kidhibiti, nacho huamuru taa iwake. Vidhibiti vingine huamua mambo humo humo ndani ya nyumba. Vingine hupeleka kila swali kwenye seva iliyo ng'ambo, kisha husubiri jibu. Hivi vya pili hutegemea mambo matatu: umeme, intaneti na uhai wa kampuni. Mawili ya kwanza tunajua jinsi yanavyokatika. La tatu ndilo wanunuzi wengi hawaliulizi.

Kubadili kidhibiti si sawa na kubadili balbu. Kifaa kinachotumia mawimbi ya Zigbee au Z-Wave hupewa ufunguo wa siri wa mtandao wake, hivyo hakimtii bwana mwingine mpaka kiondolewe kwa wa kwanza na kuunganishwa upya. Kwa hiyo, hama wakati kidhibiti cha zamani kingali hai.

Kwanza andika kwenye karatasi orodha ya vifaa vyote, na kila amri uliyoiweka, kwani mara nyingi amri hazihami zenyewe. Kisha anza na swichi na plagi zinazotumia umeme wa ukutani, kwa sababu nyingi kati yake hupokezana mawimbi na kuyafikisha vyumba vya mbali. Vifaa vya betri vifuate. Kitasa cha mlango kiwe cha mwisho, na ufunguo wa chuma uwe mfukoni.

Wenye ndugu ughaibuni wawe makini na zawadi. Kifaa cha Z-Wave cha Marekani hutumia megahezi 908, cha Ulaya 868. Ingawa jina ni moja, hawasikilizani. Isitoshe, umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230 hadi 240. Zigbee ina nafuu kwa upande wa mawimbi, maana ile ya gigahezi 2.4 hutumika duniani kote.

Kwa anayetaka ubongo ubaki nyumbani, ipo Home Assistant, programu huria iliyoanza mwaka 2013, ambayo huendeshwa hata na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Pia tangu Oktoba 2022 kuna kanuni ya pamoja iitwayo Matter, inayoviwezesha vifaa vya kampuni tofauti kuelewana ndani ya mtandao wa nyumba.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji achomoe intaneti mbele yako, kisha awashe taa. Akisita, rudisha pochi mfukoni.