Saa Mbili ya Nani?

Mtu anayeamua kama mkimbizi atabaki Uingereza au ataondoshwa si hakimu, na si lazima awe amesomea sheria. Ni mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani wa cheo cha kawaida tu, mara nyingi kijana aliyetoka chuo juzijuzi, akapewa mafunzo mafupi na kukabidhiwa jalada. Ndani ya jalada mna jina, alama za vidole, tarehe ya kuzaliwa ambayo pengine mwenyewe haijui vizuri, na maelezo machache yaliyochukuliwa siku za mwanzo. Afisa atamwita mwenye jalada, atamhoji, atapima aliyoyasema, kisha ataandika barua. Barua ya kukubaliwa huwa fupi. Ya kukataliwa hujaa kurasa, maana kila sababu iliyomo inaweza kuja kuchambuliwa na jaji wa rufaa.

Sheria anayoifuata ina mizizi katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na mkataba huo haumkingi kila mwenye shida. Unamkinga anayehofia kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, msimamo wa kisiasa, au kwa kuwa wa kundi fulani la jamii. Njaa haimo. Vita peke yake navyo havitoshi. Afrika ililiona pengo hilo mapema: mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulimwingiza pia mtu anayekimbia uvamizi wa nje au machafuko makubwa. Ndiyo maana Tanzania iliweza kuwapokea Warundi, na Kenya Wasomali, kwa makumi ya maelfu bila kumweka kila mmoja kwenye kiti cha maswali. Anayetua London huhojiwa peke yake, na kinachopimwa ni maneno yake.

Maneno, kwa sababu mara nyingi kingine hakuna. Anayetoroka usiku hapiti kituoni kuomba barua ya kuthibitisha kwamba polisi wanamtafuta. Majaji wa Uingereza walilikubali hilo. Mwaka 1988, katika kesi ya Watamil wa Sri Lanka iliyojulikana kwa jina la Sivakumaran, mahakama ya juu ya wakati huo ilisema mwombaji halazimiki kuonyesha kwamba hatari ni kubwa kuliko usalama. Yatosha uwezekano wa hatari uwe wa kweli. Kipimo kiliwekwa chini makusudi, kwani aliyerudishwa kimakosa mikononi mwa watesaji wake haombwi radhi akiwa kaburini. Baadaye Bunge likatia mkono. Kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 28 Juni 2022, afisa anatakiwa kwanza aridhike, kwa kipimo cha kesi za madai, yaani zaidi ya nusu kwa nusu, kwamba mtu huyu anaogopa kweli na kwamba sababu yake ni mojawapo ya zile tano. Hatari inayomngoja kwao ndiyo iliyoachiwa kipimo cha zamani. Kwa muda mrefu majalada ya aina zote mbili yamekuwa yakilaliana juu ya dawati moja.

Mahojiano huchukua saa kadhaa. Maswali hupewa namba, na si ajabu yakavuka mia. Afisa anauliza, anasikiliza, anachapa, na huku anatafuta swali linalofuata. Mkalimani yuko pembeni, au siku hizi kwenye skrini. Sauti hurekodiwa, lakini watakaolishika jalada baadaye husoma maandishi, na maandishi ni ya Kiingereza. Kiswahili alichokisema mtu hakimo humo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mtaalamu wa kumwonyesha mahali pa kujikwaa. Mtu anasema askari walikuja saa mbili usiku. Mkalimani makini atasema saa nane ya Kizungu. Aliyechoka atatafsiri mbili kwa mbili, na barua itakuja kuuliza kwa nini siku ya kwanza mwombaji alisema familia ilikuwa ikila chakula cha jioni, ilhali sasa anadai ilikuwa usiku wa manane. Mtu anasema ana ndugu watatu, kisha mbele ya safari anawataja sita, kwa kuwa mtoto wa baba mdogo naye ni ndugu, na hakuna aliyemwambia kuwa Kiingereza kinawatenga. Baba mkubwa akiandikwa baba, marehemu anafufuka ukurasa wa tisa. Mkono uliovunjika unaandikwa kiganja, halafu ripoti ya daktari inataja kovu lililo karibu na bega. Waethiopia nao wana yao: kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya ile ya Ulaya kwa miaka saba au minane, hivyo hesabu ikikosewa mara moja tu mtu ataonekana alikamatwa kabla chama chake hakijaundwa.

Hakuna aliyesema uongo katika mifano hiyo. Lakini kwenye karatasi yote yanafanana na uongo.

Afisa amefunzwa asihukumu kwa machozi wala kwa macho yanayokwepa. Anatakiwa achambue mambo ya msingi ya dai, moja baada ya jingine: je, yanapatana yenyewe kwa yenyewe, je, yanapatana na taarifa za nchi ambazo wizara hukusanya na kuzichapisha. Lakini, kwa bahati mbaya, migongano ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kukiona ukiwa umeketi na kurasa hamsini za majibu. Sheria ya 2004 ikaongeza dosari nyingine: aliyepita nchi salama asiombe hifadhi huko, au aliyetumia pasipoti isiyo halali bila maelezo ya kuridhisha, ahesabiwe kuwa amejipunguzia kuaminika. Ni vigumu kufikiri jinsi mtu anayesakwa na serikali yake angeingia ofisi ya uhamiaji ya serikali hiyohiyo kuomba pasipoti safi, lakini kifungu kimo na afisa hana ruhusa ya kukiruka.

Je, migongano ina thamani kiasi hicho? Mwaka 2002 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapa utafiti wa Jane Herlihy, Peter Scragg na Stuart Turner. Waliwahoji mara mbili wakimbizi 39 kutoka Kosovo na Bosnia, kila mmoja kuhusu tukio moja la kuumiza na jingine la kawaida. Watu hao walikuwa wameingia Uingereza kwa mpango wa makundi. Kibali walikuwa nacho tayari na hawakuwa na la kupata kwa kudanganya. Hata hivyo ilikuwa kawaida kwao kubadilisha kitu kati ya simulizi ya kwanza na ya pili. Mambo ya pembeni yaliyumba kuliko kiini cha tukio. Kwa waliokuwa na dalili nyingi za msongo wa baada ya kiwewe, migongano iliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka. Na katika ofisi za hifadhi, muda kati ya maelezo ya siku za mwanzo na mahojiano makubwa umewahi kuzidi mwaka.

Hakuna mahali ambapo mizani hii imekaribia nyumbani kwa Waswahili kama katika kesi za Wabajuni. Watu hawa wameishi vizazi na vizazi kwenye ukanda wa pwani na visiwa kuanzia Kismayu kushuka hadi upande wa Lamu: Koyama, Chovai na Chula ziko Somalia; Kiunga na Faza ziko Kenya. Lugha yao ni Kibajuni, tawi la kaskazini la Kiswahili. Mpaka unaopita katikati yao una historia ambayo barua za wizara haziitaji: Kismayu na Jubaland yote vilikuwa chini ya Uingereza, pamoja na Kenya, hadi mwaka 1925 vilipokabidhiwa Italia.

Serikali ya Siad Barre wa Somalia ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwakinga. Waliporwa, wakafukuzwa visiwani, na wengi wakakimbilia Kenya kwa mashua. Baadhi walifika Uingereza kuomba hifadhi. Aliyethibitika kuwa Mbajuni wa Somalia alikuwa na dai zito. Akiwa Mbajuni wa Kenya hakuwa nalo. Afisa ambaye pengine hajawahi kuiona Bahari ya Hindi akabaki na swali la kutenganisha watu wa lugha moja, mavazi mamoja na majina yaleyale.

Njia ya kwanza ilikuwa maswali ya ujuzi. Taja visiwa vya jirani. Taja koo za Wabajuni, ambazo kwa desturi huhesabiwa 18. Sarafu ya Somalia ilikuwaje? Mwaka 2004 baraza la rufaa, katika uamuzi uitwao KS uliokusudiwa kuwa mwongozo, lilielekeza mambo matatu yatazamwe pamoja: anavyokijua Kibajuni, anavyoyajua maisha ya Wabajuni wa Somalia, na anavyokijua Kisomali, huku maisha ya mtu mwenyewe yakizingatiwa. Hilo la mwisho lina uzito. Kijana aliyeondoka Chula akiwa na miaka minne, akakulia Mombasa, atasema mato na ndia kama watoto wenzake wa mtaani, si macho na njia, wala si vile asemavyo bibi yake. Kisomali atakipatia wapi?

Njia ya pili ilikuwa kuipeleka sauti kwa wataalamu. Mwombaji aliongea kwa simu kwa muda mfupi na mchambuzi wa kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab, kisha ripoti ilirudi ikisema lahaja yake ni ya wapi na kwa uhakika wa kiwango gani. Wachambuzi walitambulishwa kwa namba, si kwa majina. Mwaka 2010, katika kesi ya RB, baraza la juu la rufaa liliziona ripoti hizo kuwa zinaweza kupewa uzito mkubwa. Miaka minne baadaye Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikisikiliza kesi za MN na KY kutoka Scotland, watu waliojitambulisha kuwa Wasomali wakaambiwa usemi wao ni wa Kenya, ilirudi nyuma hatua kadhaa. Haikuzipiga marufuku ripoti, na usiri wa majina ya wachambuzi haikuuona kuwa kikwazo chenyewe. Ila ilisema mwongozo wa RB ulikuwa umewabana mno majaji, na kwamba mchambuzi wa lugha asitoke nje ya utaalamu wake akaanza kutoa hukumu juu ya ujuzi wa mtu kuhusu nchi yake.

Wanaisimu walikuwa wamelisema jambo la jirani na hilo tangu 2004. Kumi na tisa kati yao walitoa mwongozo uliokumbusha kwamba usemi wa mtu huonyesha mahali alipolelewa, hauonyeshi uraia. Mwandishi wa safu hii angeongeza kuwa hata hilo la kulelewa ni gumu kwa pwani yetu, ambako mtoto mmoja anaweza kunyonyeshwa kwa Kibajuni, kusoma chuo cha Kurani kwa Kimvita na kuangalia mpira kwa Kiswahili cha redio. Atakapoongea na mgeni kwenye simu, akijua maisha yake yanategemea simu hiyo, atasema kile cha heshima zaidi, na Kibajuni chake atakiacha nyumbani.

Turudi dawatini, ambako saa ya ukutani ina nguvu kuliko isimu. Mwaka 2022 wabunge wa kamati ya mambo ya ndani waliambiwa kwamba kwa wastani afisa mmoja alikuwa akitoa uamuzi 1.3 kwa wiki, na kwamba kasi ya maafisa kuacha kazi ilifikia asilimia 46 kwa mwaka. Kazi inayochukua muda mrefu kuijua ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakiaga. Sababu si ngumu kuzikisia: malengo ya idadi, na kusikia habari za ubakaji na mateso kutwa nzima kisha kupanda treni ya jioni kama mtu aliyetoka benki. Desemba mwaka huo waziri mkuu Rishi Sunak aliahidi kumaliza mrundikano wa zamani, majalada zaidi ya 92,000, kabla mwaka 2023 haujaisha. Maafisa waliongezwa hadi 2,500. Februari 2023 wizara ilianza pia kuwatumia dodoso waombaji kutoka Afghanistan, Eritrea, Libya, Syria na Yemen, nchi ambazo watu wake wengi sana walikuwa wakikubaliwa, ili ikiwezekana wasihojiwe kabisa. Dodoso lilikuwa la Kiingereza, na walitakiwa walijibu kwa Kiingereza.

Wenye kukataliwa hukata rufaa, na katika miaka hiyo takriban nusu ya rufaa zilizosikilizwa zilifaulu. Takwimu hiyo huwavutia wanasiasa wa pande zote. Upande mmoja husema maafisa wanakosea mno, wa pili husema majaji ni wapole mno. Hawasemi sana kwamba jaji mara nyingi huona asichokiona afisa: ripoti ya daktari iliyochelewa, shahidi kutoka kisiwa kimoja, mkalimani mwingine aliyegundua kuwa saa mbili haikuwa mbili.

Afisa aliyeiandika barua kwa kawaida hayupo siku hiyo. Wizara hutetewa mahakamani na mtumishi mwingine, hukumu ikitoka huenda kwa mwingine tena, na aliyekaa saa nne nzima akimtazama mwombaji usoni anaweza asijue kamwe mambo yaliishaje. Wakati huo ameshafungua jalada jingine. Barua ya mwito inasema mahojiano ni saa 10:00. Anayesubiri nje ameangalia simu yake mara tatu, na kichwani mwake ni saa nne kasoro.