Fahamu: Mti mgeni unaoisonga misitu ya asili

Mkaazi wa Madungu, Pemba, akipanda gari kuelekea kaskazini mwa kisiwa, mwisho wa safari atafika Ngezi, msitu wa asili wenye mipapindi na popo wa Pemba. Humo umeingia mti mgeni, msizi (Maesopsis eminii).

Ubaya wake umeonekana zaidi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania Bara. Ulipandwa huko zama za Wajerumani, na palipokatwa magogo ukajaza mapengo. Hukua upesi mno. Hondohondo humeza matunda yake na kudondosha mbegu mbali, hivyo uzio haufui dafu.

Kuukata ovyo ni kosa. Mti mkubwa ukianguka, jua hupenya mpaka chini, na miche ya msizi ndiyo hutangulia kuota. Afadhali kuchubua gome kuzunguka shina lote, ufe taratibu ukiwa umesimama, huku miche ya asili ikikua kivulini mwake. Miche ya msizi hung'olewa kwa mkono, ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua, mizizi itoke yote. Kazi hii hurudiwa miaka mingi, na majirani wa msitu wanaostahili kulipwa kwayo ni wale wanaoutambua msizi tangu ukiwa mche.