Nani mwenye laini namba 125?

Ujumbe wenyewe ni mfupi. Xen inasema kwamba IRQ 125 tayari inatumiwa na Xen, kisha inatangaza kuwa imeshindwa kuandaa mfumo wa kwanza, na bodi inakaa kimya. Umeme upo, kadi ya kumbukumbu haina tatizo, na muda mfupi uliopita bodi hiyohiyo ilikuwa ikiendesha Linux bila taabu. Kilichobadilika ni kimoja: safari hii Linux haikuwashwa moja kwa moja juu ya chipu, bali chini yake imewekwa haipavaiza. Hali hiyo iliwakuta waliojaribu kuwasha Xen kwenye Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, huku ujumbe wa Xen ukipitia mlango wa siriali ulio kwenye pini za bodi.

Fundi akifungua faili la maelezo ya vifaa, ambalo wenyewe huliita mti wa vifaa, na kuitafuta 125, haioni. Anachokuta ni 93. Fumbo lote limejificha katika tofauti hiyo ya 32, lakini kwanza tuone nani anagombana na nani.

Haipavaiza ni programu inayokaa kati ya chipu na mifumo endeshi, ili mifumo miwili au zaidi itumie mashine moja, kila mmoja ukidhani uko peke yake. Xen ilianzia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na ikajulikana duniani mwaka 2003. Kwa muda mrefu makazi yake yalikuwa seva kubwa. Kwenye chipu za ARM iliingia rasmi na toleo la 4.3 mwaka 2013, baada ya ARM kuziongezea prosesa zake ngazi ya mamlaka mahsusi kwa kazi hiyo, ile ambayo kwenye prosesa za biti 64 huitwa EL2. Ngazi hiyo iko juu ya kerneli. Anayekaa pale humwamuru hata Linux.

Wanaoihitaji zaidi kazi hii kwenye bodi ndogo ni watu wa magari na mitambo. Chipu moja huonyesha ramani na kupiga muziki, na hiyohiyo huonyesha mwendo na taa za tahadhari. Muziki ukikwama, mwendo usikwame nao. Wengine wengi hujifunzia kwenye Raspberry Pi 4. Matoleo ya 1 hadi 3 hayafai, kwa kuwa hayana kidhibiti cha mikatizo ambacho Xen inakitegemea.

Mkatizo, ndiyo IRQ ya ule ujumbe wa Xen, ni ishara ambayo kifaa humpelekea prosesa kumwambia aache alichoshika amsikilize. Bila ishara hiyo prosesa ingeshinda ikizunguka kuuliza: kibodi, una neno? Kadi ya mtandao, una neno? Kwenye chipu nyingi za ARM, waya za ishara hizo hukusanywa na kidhibiti kinachoitwa GIC. Cha Raspberry Pi 4 ni GIC-400. Kila mkatizo hupewa namba. 0 hadi 15 ni za viini vya prosesa kushtuana vyenyewe kwa vyenyewe. 16 hadi 31 ni za kila kiini binafsi, hasa saa zake za ndani. Kuanzia 32 hadi 1019 ndipo vilipo vifaa vingine: mtandao, kadi ya kumbukumbu, milango ya siriali. Namba 1023 ni jibu la GIC pale prosesa inapouliza nani kaita, kumbe hakuna aliyeita.

Sasa ile 93. Mti wa vifaa huandika mkatizo kwa tarakimu tatu, na kwa mlango wetu wa siriali ni 0, 93 na 4. Sifuri inasema mkatizo huu ni wa kundi la vifaa vya pamoja. 93 ni nafasi yake ndani ya kundi hilo, na kundi linaanzia 32, kwa hiyo GIC yenyewe inaujua kama 125. Nne inasema laini inahesabika kuwa imeita muda wote inapokuwa juu. Tarakimu ya kwanza ingekuwa 1, ungejumlisha 16 badala ya 32.

Mimi utaratibu huu siupendi. Anayesahau kujumlisha haambiwi kitu, maana 93 nayo ni namba halali ya GIC, ila si ya mlango wetu wa siriali. Na ukiwasha Linux peke yake ukasoma faili la /proc/interrupts, unakutana na namba ya tatu: safu ya kushoto kabisa ni hesabu ya Linux yenyewe, isiyohusiana na 93 wala 125. Ya GIC imeandikwa mbele zaidi, karibu na jina la kidhibiti. Laini moja, majina matatu; ukilinganisha ujumbe wa Xen na safu isiyo yake, utafukuza kifaa kisicho na kosa mpaka usiku wa manane.

Haya, nani anakaa kwenye 125? Wanakaa watatu: mlango mdogo wa siriali, ambao ndio Xen inautumia kuandikia ujumbe wake, pamoja na njia mbili za SPI, ya 1 na ya 2, ambazo watu huunganishia skrini ndogo na vipima joto. Urithi huu ni wa chipu ya Raspberry Pi ya kwanza ya mwaka 2012. Watatu hao waliwekwa kwenye kitalu kimoja cha chipu, wakapewa laini moja ya kuitia, na rejista moja ya kusoma ili kujua ni yupi kati yao aliyeita. Hata anwani zao zimebanana: kwa hesabu ya msingi wa 16 zinaishia 040, 080 na 0c0, yaani wameachana kwa baiti 64 tu.

Kwa Linux ikiwa peke yake, hilo halina shida. Laini ikiita, kerneli hupita kwa draiva mmoja mmoja ikiuliza, ni wewe? Anayehusika hushughulikia, wengine hukana. Ikitokea laini inaita mfululizo na draiva wote wanakana, Linux ina uvumilivu wenye kipimo: katika miito 100,000, wakikana zaidi ya 99,900, inalalamika kwamba hakuna aliyejali kisha inaizima laini. Mafundi wa kompyuta wa miaka ya 1990 wanaujua ugomvi wa namna hii. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na laini 8 tu, na kadi ya sauti ikipangwa kwenye laini iliyokwisha kuwa na mwenyewe, kimoja kati ya viwili kilinyamaza. Ila pale waliogombana walikuwa vifaa. Kwenye haipavaiza wanaogombana ni wenye nyumba.

Chukua nyumba ya kupanga yenye kengele moja getini. Ikikaliwa na familia moja, yeyote aliye karibu atatoka kufungua na kumwita anayetafutwa. Ikikaliwa na wapangaji wasiojuana, mmoja akaamua kutotoka, kengele italia mchana kutwa na mgeni wa mwenzake hatafunguliwa. Xen inalazimika kuamini kwamba mpangaji wa namna hiyo yupo, kwa sababu sababu yote ya kuwepo kwake ni kuwatenga watu wasioaminiana.

Na si suala la msimamo tu. Limo ndani ya GIC. Mkatizo ukifika, Xen ndiyo inayoupokea kwanza. Inasoma namba, inatazama daftari lake kuona laini ni ya nani, kisha inaiandika kwenye rejista maalumu ambayo mgeni, yaani mfumo endeshi unaokaa juu ya Xen, ataiona kama mkatizo wake halisi. GIC-400 ina rejista 4 za namna hiyo kwa kila kiini. Ndani ya rejista kuna biti inayounganisha mkatizo pepe na ule wa kweli, kiasi kwamba mgeni akisema nimemaliza, GIC inaifungua laini ya kweli papo hapo bila kumwamsha Xen. Ni njia ya mkato nzuri sana. Lakini inakubali mgeni mmoja tu. Wakiwa wawili, wa kwanza kusema nimemaliza anamfungia kazi mwenzake ambaye hata hajaanza, na laini ya aina ile ya 4, ambayo bado iko juu, itaita tena mara moja, na tena, na tena.

Basi Xen haijaribu. Inapoamka hujitwalia mlango wa siriali na laini yake 125. Halafu huanza kuupitia mti wa vifaa ili kumkabidhi dom0, yaani ule mfumo wa kwanza, kila kitu kilichobaki. Inafika kwenye SPI ya 1, inaona laini 125, inafungua daftari, inajikuta yenyewe. Inarudisha kosa namba 16 kwa alama ya kutoa, lenye maana kwamba kitu kinatumika, na maandalizi ya dom0 yanavunjika hapo. Wako wanaoona ni ukali kupita kiasi kuangusha mfumo mzima kwa ajili ya njia ya SPI ambayo hakuna aliyeichomekea kitu. Naona Xen ina haki: bora ianguke mezani kwako mbele ya macho kuliko baada ya miezi sita ndani ya gari.

Tiba iliyoingizwa kwenye Xen mwaka huohuo wa 2019 ni faili dogo la Raspberry Pi 4, lenye orodha fupi ya vifaa ambavyo dom0 haitaonyeshwa: zile SPI mbili, pamoja na kitalu kinachowashikilia wote watatu. Hicho kitalu kimo kwa sababu nyingine. Xen hugawa kumbukumbu kwa kurasa za baiti 4,096, na majirani walioachana kwa baiti 64 wako ukurasa mmoja. Hata mgogoro wa laini ungekwisha, dom0 akipewa SPI au kitalu hicho angekuwa pia ameshika rejista za mlango wa Xen. Orodha hiyo inawafaa wenye Pi 4. Mwenye bodi nyingine, ambayo hakuna aliyeiandikia faili kama hilo, atafanya mwenyewe: afute vifungu vya vifaa hivyo kwenye mti kabla ya kuwasha.

Kabla ya kufuta chochote, tazama bodi imekwama wapi, maana si kila ukimya ni mgogoro. Ukipata maandishi yote ya Xen na dom0 lakini kibodi haijibu, mara nyingi namba ya mkatizo wa mlango wa siriali ndiyo yenye kosa: kuandika kunaweza kwenda kwa prosesa kuulizauliza, kusoma kunangoja mkatizo ambao haufiki. Usipopata hata herufi moja, usianzie kwenye mikatizo kabisa. Jenga Xen upya ukiwa umewasha uandishi wa mapema, ule unaofanya kazi kabla draiva wa siriali hajaamka, ndipo uone. Kwenye Pi 4 kagua pia config.txt: mstari wa enable_gic ukiwekwa 0, bodi inarudi kwenye kidhibiti cha zamani na GIC haipokei kitu. Kwa kawaida ni 1, lakini mafaili ya kunakili kutoka mradi mmoja kwenda mwingine hubeba mengi.

Kuna mgogoro mwingine usiohusu vifaa vya kweli. Xen inaweza kumpa mgeni mlango wa siriali wa kuigiza, na huo nao unahitaji namba. Wamechagua 32, ya kwanza kabisa katika kundi la pamoja. Ukitaka mgeni huyohuyo apewe kifaa cha kweli ambacho laini yake ni 32, zana za Xen zinakataa na kusema wazi kwamba namba imegongana na ya mlango wa kuigiza. Jailhouse, haipavaiza iliyoanzia Siemens, inakuachia wewe: unaandika kwenye usanidi namba ya kuanzia kwa vifaa vyake pepe, na ni juu yako kuchagua mahali pasipo na mtu.

Wapo wanaokwepa ugomvi wa 125 kwa kuihamishia Xen kwenye mlango mkubwa wa siriali, wenye 121 kwenye mti, yaani 153 kwa GIC. Kwanza, mlango huo kwa kawaida umefungwa kwenye Bluetooth, hivyo Bluetooth utaiaga. Pili, milango ya siriali ya 2 hadi ya 5 nayo imeandikwa 121. Aliyetaka kutumia mmojawapo ndani ya dom0 amehama nyumba tu, kesi ni ileile.

Mwenye skrini yake ndogo kwenye SPI ya 1 ana njia rahisi zaidi: aichomeke kwenye SPI ya 0. Hiyo iko laini 118 ya mti pamoja na SPI ya 3 hadi ya 6, wote watano kwenye waya mmoja. Xen haina haja na hata mmoja wao, kwa hiyo wote wanakwenda kwa dom0, na Linux itawauliza mmoja mmoja kama ilivyozoea.