USALAMA KAZINI: Usisome mstari peke yake, soma na namba za pembeni

Rafiki mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Siku hizi katika karieri nyingi ukuta wa mawe unachungwa na mashini, mchana na usiku. Rada na vyombo vingine vinapima ukuta umesogea milimita ngapi, kisha kompyuta inachora mstari. Mstari ukilala, ukuta umetulia. Mstari ukipanda, ukuta unatembea. Hivyo ndivyo tunavyoambiwa, na ni kweli. Lakini si kweli yote. Mstari uleule unaweza kuonekana umelala au umepanda kwa sababu ya mkono wa mtu anayeongoza kompyuta. Tuone ni kwa namna gani.

MCHORO UNA MIPAKA YAKE

Kila mchoro una mistari miwili ya namba. Ule wa chini unahesabu wakati: saa, siku au wiki. Ule uliosimama pembeni unahesabu kitu kinachopimwa, kwa mfano milimita. Kila mmoja una mwanzo na mwisho. Hiyo ndiyo mipaka.

Tuchukue mfano. Ukuta umesogea milimita 2 Jumatatu, 4 Jumanne, 8 Jumatano, 16 Alhamisi na 32 Ijumaa. Jumla ni milimita 62. Hiyo ni hatari, kwa sababu kila siku mwendo unaongezeka mara mbili. Tuseme mchoro una urefu wa sentimita 20 kwenye kioo. Ukiweka mpaka wa juu kuwa milimita 1.000, mstari utapanda sentimita moja na kidogo tu. Utasema: «Ukuta umelala.» Ukiweka mpaka wa juu kuwa milimita 70, mstari huohuo utapanda karibu sentimita 18. Utasema: «Tukimbie!»

Ukuta ni mmoja. Vipimo ni vilevile. Kilichogeuka ni mpaka.

NAMNA YA KUGEUZA MIPAKA

Programu za kuchora vipimo zinamruhusu fundi kugeuza mipaka palepale, mchoro ukiwa mbele ya macho yake. Katika programu iitwayo Matplotlib, kwa mfano, kuna vifungo vidogo. Kimoja kina alama ya lenzi ya kukuzia: unazungushia kisanduku sehemu unayotaka, nayo inajaza kioo. Kingine kina mishale inayokwenda pande nne: unaubonyeza mchoro kwa kipanya na kuuvuta kushoto, kulia, juu au chini. Ukishika herufi x wakati wa kuvuta, unagusa mstari wa chini tu. Ukishika y, unagusa ule uliosimama tu. Kifungo chenye alama ya nyumba kinakurudisha kwenye picha ya kwanza. Na kama unataka mipaka kamili, unaiandika mwenyewe kwa namba.

Kazi hiyo ni nzuri. Inafanana na mtu anayesogelea ukuta ili aone ufa vizuri, kisha anarudi nyuma ili aone ukuta mzima. Asiyesogea haoni ufa. Asiyerudi nyuma haoni ufa huo unaelekea wapi.

MAKOSA MATATU

Kosa la kwanza tumekwisha kuliona: mipaka mipana mno inaficha mwendo.

La pili ni kinyume chake. Chombo cha kupimia kinatikisika kidogo kwa sababu ya jua, mvua au vumbi. Ukibana mipaka hata ikawa nusu milimita tu, mtikisiko huo utaonekana kama mlima. Watu watatolewa bure leo, na kesho watasema king'ora kinasema uongo. Hapo hatari imeingia kwa mlango mwingine.

La tatu ni baya zaidi, kwa sababu halina kelele. Programu nyingi zinajipangia mipaka zenyewe, ili mstari ujaze kioo daima. Rudi kwenye mfano wetu. Jumatano jumla ilikuwa milimita 14, na mstari ulifika juu ya kioo. Ijumaa jumla ni 62, na mstari umefika juu ya kioo vilevile. Mwenye kutazama upesi mwishoni mwa posti atasema: «Ni kama juzi.» Kumbe si kama juzi hata kidogo. Namba za pembeni zimegeuka, na yeye hakuzisoma.

UKUTA HAUNGOJI

Katika karieri ya shaba ya Bingham Canyon, huko Utah, Marekani, vyombo viliona mwendo wa ukuta tangu mwezi wa pili wa mwaka 2013. Watu walifuata vipimo, na siku ilipokaribia waliondolewa. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa nne, ukuta uliporomoka mara mbili. Mawe na udongo wa tani milioni nyingi ulishuka na kufunika mashini. Hakufa mtu, wala hakuumia mtu.

Sisi wa Kolwezi tunajua upande mwingine. Tarehe 8 mwezi wa tatu 2016, ukuta wa karieri ya KOV ulianguka na kuchukua maisha ya wafanyakazi. Mashini hununuliwa tena. Baba wa watoto hanunuliwi.

MAMA ANAJUA TAYARI

Mama, fikiri ile karatasi ya kupimia mtoto kilo. Mistari yake imechapwa, haigeuki kila mwezi. Ndiyo sababu wewe na muuguzi mnaona jambo moja: mtoto anapanda au anashuka. Chumba cha kuchunga ukuta nacho kinahitaji picha moja ya namna hiyo, yenye mipaka isiyoguswa, kando ya ile inayokuzwa.

TUKUMBUKE

1. Soma namba za pembeni kwanza, kisha mstari.
2. Uliza: mchoro huu unaonyesha saa ngapi au siku ngapi?
3. Ukikuza sehemu moja, rudi kwenye picha nzima kabla ya kutoa neno.
4. Wakati wa kuachiana posti, mwambie mwenzako milimita ngapi kwa siku. Usimwambie tu «mstari ni mzuri».
5. Namba na macho yako zikipingana, kama umeona ufa mpya au mawe madogo yanadondoka, toka kwanza, kisha mjulishe shefu.

Mstari unachorwa na kompyuta. Uhai wako unachungwa na wewe.