Vyuo viwili, mtoto mmoja: Msaidie achague, usimchagulie

JE, mzazi, utafanya nini siku ambayo mwanao atakujia na barua mbili, zote kutoka Marekani, na zote zikisema amekubaliwa chuoni?

Wengi hudhani furaha ya siku hiyo haina doa. Lakini waliopitia hali hiyo watakwambia kuwa nyumba huweza kugeuka uwanja wa mabishano. Baba anataka hiki, mama anataka kile, mjomba anapiga simu kutoka Kisumu kutoa maoni yake, naye kijana mwenyewe amejifungia chumbani. Na muda hausubiri. Vyuo vingi vya huko hutaka jibu kufikia Mei 1, na mshika mbili moja humponyoka.

Tunazungumzia vile vyuo vidogo viitwavyo vya sanaa huria. Usipotoshwe na jina ukadhani kwamba huko hufundishwa uchoraji na uimbaji tu. Mna fizikia, hesabu, uchumi, historia na lugha. Mwanafunzi huchanganya masomo kwa miaka 4, na aghalabu huchagua somo lake kuu katika mwaka wa pili. Marehemu Profesa Wangari Maathai alianzia katika chuo kidogo cha namna hiyo, Mount St. Scholastica katika jimbo la Kansas, akahitimu katika biolojia mnamo 1964. Udogo wa chuo haukumzuia kutwaa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004.

Basi mtaamua vipi?

Anzeni na pesa, wala msione haya. Someni barua ya msaada wa fedha mstari kwa mstari. Ruzuku hairudishwi. Kazi ya chuoni ni pesa ambazo kijana atazitolea jasho, na sheria ya viza ya wanafunzi humruhusu kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mkopo nao ni deni. Kisha ulizeni: bima ya afya, vitabu na nauli ya ndege vimehesabiwa? Tuseme chuo kimoja kimewaachia pengo la dola 6,000 kwa mwaka. Kwa kima cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni Sh780,000. Zidisha kwa miaka 4 upate Sh3,120,000, na hapo karo haijapanda.

Pili, tazameni jinsi masomo yalivyopangwa. Chukua mfano wa Grinnell kilichoko Iowa na Carleton kilichoko Minnesota. Vyote vina sifa nzuri na vyote viko katika miji midogo. Lakini Grinnell humlazimisha mwanafunzi kozi moja tu ya mwaka wa kwanza. Nyingine atazipanga na mshauri wake, mradi atimize masharti ya somo lake kuu. Carleton huwataka wote waguse nyanja mbalimbali, na mwaka wa mwisho kila mmoja hufanya kazi maalumu katika somo lake kuu. Aidha, Grinnell hugawa mwaka kwa mihula miwili, ilhali Carleton ina mihula mitatu ya wiki 10 kila mmoja. Kijana apendaye kujipangia huenda akanawiri pale pa kwanza. Anayehitaji kuelekezwa, na asiyechoshwa na mwendo wa kasi, huenda akafaa pale pa pili.

Tatu, muulize anataka kufanya kazi gani. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Marekani, udaktari na sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Shule za udaktari zinazopokea wanafunzi wa kigeni ni chache, na gharama yake ni kubwa mno. Vyuo vingi vidogo pia havina shahada ya uhandisi. Ikiwa mwanao ameapa kuwa daktari, pimeni nafasi hizo mbili dhidi ya chuo kikuu cha hapa nyumbani kabla ya kumnunulia koti la baridi.

Nne, ulizeni kuhusu maisha. Likizo ya Desemba atakaa wapi ikiwa hakuna nauli ya kurudi? Mabweni hufungwa? Carleton, kwa mfano, huwa na mapumziko ya takriban wiki 6 baina ya muhula wa kwanza na wa pili, na baridi ya Minnesota si ya Limuru. Mwombeni afisa wa chuo awaunganishe na wanafunzi Wakenya walioko huko, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, msikilize kijana. Jirani yangu mmoja wa Buruburu alidhani bintiye hajui anachotaka, kwa kuwa kila akiulizwa alijibu kwamba chochote ni sawa. Jioni moja mama mtu alichukua daftari, akapiga mstari katikati na kumwambia aandike mazuri na mabaya ya kila chuo, bila kumwogopa mtu. Binti akaandika kisha akalia. Kumbe alikuwa amesikia wazazi wakinong'ona kuhusu kuuza ploti yao ya Kitengela, naye alikipenda kile chuo chenye pengo.

Usiku huo waliongea hadi saa sita. Baba alimwonyesha hesabu zote, pamoja na karo ya kaka yake mdogo. Kesho yake binti aliandikia chuo kile barua ya heshima akiomba msaada wake uangaliwe upya, jambo ambalo mwombaji yeyote anaruhusiwa kufanya. Pengo lilipungua kidogo, halikuisha. Ndipo binti mwenyewe akachagua kile chuo kingine. Ploti ingali pale, naye hana kinyongo, kwa sababu hakuna aliyemwamulia gizani.

Basi, mzazi, ukipata bahati ya barua mbili, weka hesabu mezani na umpe mwanao kalamu. Nawe kijana, sema unachotaka mapema. Wazazi wako si waganga wa kusoma moyo.