Ufinyangikaji wa Ubongo

Mfasiri wa maandishi ya tiba akutanapo na istilahi inayotaja uwezo wa ubongo wa kujirekebisha baada ya kudhurika, neno linalomjia upesi ni "unyumbufu". Ni neno zuri, lakini hapa lapotosha. Katika fizikia, kitu kinyumbufu ni kile ambacho, kama mpira, kikivutwa na kuachwa hurudia umbo lake la awali. Ubongo uliodhurika haufanyi hivyo. Seli za neva zilizokufa kwa kiharusi hazifufuki. Zile zilizosalia huunda miunganiko mipya baina yao, na sehemu jirani huchukua baadhi ya kazi za ile iliyoharibika.

Istilahi ya asili imetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kufinyanga, na ufinyanzi tunao tangu kale. Udongo ukibonyezwa hubaki na alama ya kidole. Ndiyo sababu twapendelea "ufinyangikaji", ingawa ni neno refu na huenda ulimi ukalikataa mara ya kwanza.

Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake, nchini Marekani, walichapisha habari za kima wadogo waliodhuriwa kipande kidogo cha sehemu ya ubongo inayotawala mkono. Kima waliofundishwa upya kuutumia mkono huo hawakupoteza eneo la kiganja lililosalia. Kwa baadhi yao lilienea hata mahali palipokuwa pakitawala kiwiko na bega. Pasipo mazoezi, eneo hilo hupungua.

Hapo ndipo inapozuka istilahi ya pili, ambayo ikikosewa huleta madhara zaidi. Mgonjwa anayeshindwa mara kwa mara kuutumia mkono uliopooza huzoea kuuacha, hata baada ya uwezo kiasi kurejea. Edward Taub ndiye aliyeieleza hali hiyo. Mfasiri anayeandika "uvivu" au "kukata tamaa" humtwika mgonjwa lawama isiyo yake; "mazoea ya kutotumia" yatosha. Tiba yake ni kuufunga mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Katika jaribio la wagonjwa 222 lililochapishwa mwaka 2006, waliotibiwa hivyo kwa majuma mawili waliendelea vizuri kuliko waliopata huduma za kawaida. Maendeleo hayo ni nafuu, si kupona, na katika maelezo wanayopewa wagonjwa maneno hayo mawili yasibadilishane nafasi.